CD gani ya PS4 ununue ukiwa Kisumu: orodha yangu, kuanzia ya kununua leo hadi ya kumwachia mwenye duka

Jumamosi iliyopita tulikuwa watu sita sebuleni kwangu hapa Migosi, padi mbili, na CD kumi na moja ndani ya mfuko wa kaki. Nilikuwa nimewaambia kila mmoja aje na gemu anayocheza wiki hii, aitetee mbele ya wenzake. Mwalimu wa nyumba ya pili alileta God of War. Anaimaliza kwa mara ya pili. Shemeji yangu wa Nyamasaria alileta GTA V ambayo hajaitoa kwenye mashine tangu Krismasi. Dada yangu mdogo anayesoma Maseno alikuja na Tekken 7 na majigambo yake. Kijana anayesimamia kibanda cha PS kule Kondele hakuleta chochote. Alisema neno moja tu, "mpira," akarudia chapati yake.

Ubishi ule ulikwenda hadi stima ikapotea saa tatu usiku, na hata gizani hatukunyamaza. Orodha hii imetoka humo, ila mpangilio ni wangu na lawama ni zangu.

Namwandikia hasa mtu aliyejikakamua akanunua PS4 ya mtumba, ikaja na padi moja na FIFA 17 iliyokwaruzika, na sasa ana elfu mbili au tatu mfukoni na hajui azipeleke wapi. Ukisoma maoni ya Wazungu utaambiwa habari za picha kali, hadithi tamu, nyota tisa juu ya kumi. Sikatai. Lakini mimi huuliza mambo matatu kabla sijatoa pesa. Je, gemu hii inachezeka bila intaneti? Wageni wakija, wangapi watashika padi? Na nikiichoka, nani ataichukua?

Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Huku kwetu CD haikai kwa mtu mmoja. Mwalimu aliinunua God of War yake ya kwanza, akaimaliza kwa wiki tatu, akaibadilisha na Uncharted 4. Uncharted akaibadilisha na Spider-Man kwa kuongeza mia tatu, na Spider-Man ikaenda kwa mtu wa Manyatta aliyekuwa na Horizon. Gemu nne, na pesa aliyotoa ni ya CD moja na mia tatu juu. CD isiyobadilishika ni pesa uliyoizika.

Ndiyo sababu pia sizungumzii gemu za kupakua. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, yaani mtandao na duka la Sony, kwa hiyo watu hufungua akaunti ya Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, kisha hutafuta kadi za malipo za nchi hiyohiyo. Ukifanikiwa, gemu uliyopakua huwezi kumuuzia jirani, wala kumwazima. CD haina maneno hayo. PS4 husoma CD ya nchi yoyote. Tahadhari ni moja, kwamba vitu vya nyongeza unavyonunua mtandaoni sharti viwe vya eneo moja na CD yako.

Ya kwanza: mpira, lakini wa juzi

Kijana wa Kondele alikuwa na haki ya kusema neno moja. Kibandani kwake mechi ni shilingi ishirini, na analog ya kushoto, kile kijiti cha kuendeshea, ya kila padi imevalishwa kipande cha tyubu ya baiskeli kwa sababu mpira wenyewe wa padi uliisha zamani. Ana GTA, ana Mortal Kombat, ana gemu za magari. Anasema zinakaa. Wateja huingia, hukaa, husema "weka Arsenal."

Kwa hiyo mpira uwemo nyumbani. Swali ni upi. Duka la mjini litakusukumia toleo jipya, na kila Septemba linakuja lingine. Mimi nasema nunua FC 24 iliyotumika. Ilitoka Septemba 2023, ndiyo ya kwanza tangu EA, kampuni inayoitengeneza, iachane na jina la FIFA, na jaladani yuko Haaland. Yangu niliipata kwa 1,800, na sanduku lake zima.

Kwa nini si FC 26? Kwa sababu una PS4. Ile teknolojia ya mwendo wa wachezaji ambayo EA huipigia debe kila mwaka, HyperMotion, haikuwekwa kwenye toleo la PS4. Ni ya PS5, Xbox Series na kompyuta. Kwenye mashine yetu, tofauti ya mwaka na mwaka ni jezi, menyu, na nani yuko timu gani. Tulifanya jaribio dogo sebuleni: nikaweka FC 24, baada ya mechi mbili nikaweka FC 25, nikawauliza ni ipi iliyo mpya zaidi. Watatu walikosea, na mmoja wao hucheza kila siku.

Ni kweli kwamba kwenye FC 24 Mbappé bado yuko PSG. Kuna watu jambo hilo linawanyima usingizi. Ingia sehemu ya kuhamisha wachezaji, mpeleke Real Madrid kwa mkono wako mwenyewe, dakika haiishi. Kama tatizo lako ni Ultimate Team, ile sehemu ya kujenga timu yako mtandaoni, hapo tunaongea mengine: inataka intaneti, inaonja pesa yako kila mara, na timu uliyoijenga haihami kwenda toleo la mwaka unaofuata. Kama huna faiba nyumbani, usilipe bei ya toleo jipya kwa ajili ya sehemu ya gemu ambayo hutaifungua.

Faida nyingine ya CD: EA ilipoleta FC 24, iliziondoa FIFA za zamani kwenye maduka ya mtandaoni, hata FIFA 23. Aliye na CD yake anaendelea kucheza. Mimi nina FIFA 18 ambayo siiuzi, kwa sababu Victor Wanyama yumo na jezi ya Tottenham, na wageni wangu wote wakubwa wa umri huiulizia hiyo.

Kuna njia ya pili ya mpira ambayo nitaitaja kwa sauti ya chini maana CD zake zimeadimika: PES 2021 ya Konami. Hiyo ndiyo PES ya mwisho ya kulipia kabla hawajageukia eFootball ya bure. Kwenye FC huwezi kupata timu hata moja ya ligi yetu. PES 2021 ya PS4, kwa upande wake, inakuruhusu kubadilisha majina ya timu na wachezaji, na kuingiza jezi na nembo kwa flashi. Ilinichukua Jumapili mbili. Sasa kwangu K'Ogalo, yaani Gor Mahia, wanacheza wakiwa na jezi ya kijani, na wiki jana waliwafunga Barcelona tatu kwa mbili, jirani wa chini akapanda kuuliza kama kuna msiba. Ukiiona mahali PES hii, hata bila sanduku, ichukue kwanza, mengine baadaye.

Ya pili: God of War ya 2018

Usiichanganye na zile za PS2 na PS3. Hii ilitoka Aprili 2018. Kratos amezeeka, amefuga ndevu, yuko nchi za baridi kaskazini, mkewe amefariki, na yeye na mwanawe Atreus wanapeleka majivu ya mama kwenye kilele cha mlima mrefu kuliko yote. Ana shoka ambalo akilirusha huliita likarudi mkononi. Nimecheza gemu nyingi. Sijaona kitufe kitamu kama kile cha pembetatu kinachorudisha shoka lile. Padi inatetemeka kidogo, unasikia *tap*, na unalirusha tena bila sababu.

Sasa, nimesema nahesabu padi, na hii ni ya mtu mmoja. Inakuwaje ya pili? Kwa sababu inatazamika. Kamera haikatwi tangu mwanzo hadi mwisho, ni kama sinema moja isiyopepesa, na waliokaa kando hawachoki. Mama alikuja kutoka Ahero na mchele wake, akakuta naianza. Kratos humwita mwanawe "Boy", basi. Mama akasikiliza kama robo saa hivi, akauliza, "Kwani huyu baba hajui jina la mtoto wake?" Alipofika yule mgeni anayegonga mlango, mama akaweka chini sufuria aliyokuwa anachambulia mchele. Siku ya pili aliniuliza wale watu wamefika wapi.

Halafu bei. Gemu hii iliuzwa sana, CD zake zimejaa, kwa hiyo ya mtumba hupatikana kwa bei ya huruma, na bado kila mtu anaitaka. Unainunua, unacheza hadithi kama saa ishirini hadi thelathini, unaibadilisha bila hasara. Ukimaliza tafuta Ragnarök ya 2022, ambayo nayo ipo ya PS4, ila usiinunue kwanza. Hutaelewa kwa nini watu wanalia.

Onyo moja la Kisumu. Gemu nzito kama hizi zinaichemsha mashine, na mchana wetu huu wa ziwani hausaidii. PS4 yangu ya kwanza, ile nene, ilikuwa ikinguruma kama poshomili ikifika saa nane. Itoe kwenye kabati la TV, ipate hewa pande zote, na kama haijafunguliwa kusafishwa tangu uinunue, mpelekee fundi atoe vumbi na abadilishe ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa. Gharama hiyo ihesabu kama sehemu ya bei ya gemu.

Ya tatu: Tekken 7

Hapa tulibishana kwelikweli, kwa sababu dada yangu aliitaka iwe ya kwanza, na hoja yake ilikuwa nzuri kuliko nilivyotaka kukiri mbele yake. Mechi ya FC ya dakika sita kila kipindi, ukijumlisha kupanga timu na kutazama goli likirudiwa mara tatu, inakula robo saa. Watu sita, padi mbili: wa mwisho anasubiri nusu saa hadi saa nzima, anaanza kushika simu, anaaga. Pambano la Tekken linaisha kwa dakika mbili. Aliyepigwa anampa mwenzake padi, foleni inasonga, hakuna anayenuna.

Na asiyejua hapotei kabisa. Mpe Eddy, yule wa mateke ya kucheza dansi, abonyeze vitufe viwili vya mateke ovyo ovyo. Atamshinda mtu aliyefanya mazoezi wiki nzima, na kelele za hapo ndizo raha yenyewe. Wengi wetu tulianzia Tekken 3 ya PS ya kwanza, kwa hiyo hata wajomba wanawakumbuka King na Law. Haihitaji intaneti. Tekken 8 haikuja PS4, kwa hiyo hii haitapitwa na wakati kwenye mashine yako.

Watu huniuliza, mbona si Mortal Kombat 11? Mortal Kombat ni nzuri, na inapendeza macho kuliko Tekken. Lakini sehemu yake ya Krypt, ambako unafungua masanduku na kupata vitu, haifunguki bila intaneti, kwa hiyo umelipia nyumba na chumba kimoja kimefungwa. Tena kuna watoto hapa kwangu. Kuonyesha uti wa mgongo wa mtu ukivunjwa polepole wakati watu wanakula omena, hapana.

Ya nne: GTA V

Ilitoka 2013 kwenye PS3, ikafika PS4 mwaka 2014, imeuza zaidi ya nakala milioni 200, na bado hapa mtaani CD yake hailali. Nimewahi kuwa nayo mara tatu, na kila mara iliondoka ndani ya siku mbili nilipotangaza. Kwa kigezo changu cha tatu, ni dhahabu.

Shemeji yangu anaendesha matatu ya Kisumu–Busia. Unadhani ndani ya Los Santos, mji wa gemu hii, atafanya vurugu. Wapi! Anaiba lori, kisha anasimama kwenye taa nyekundu. Anatoa njia. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu bila kugeuza uso: "Hapa hakuna mtu ananingoja na hesabu ya jioni." Misheni za hadithi hajafika hata nusu, za Michael, Franklin na Trevor, na hana haraka nazo.

Kilichoishusha hadi nafasi ya nne ni kwamba padi ni moja, na kwamba ni ya watu wazima, miaka 18 na kuendelea. Sanduku linasema hivyo na linamaanisha. Lugha, uchi, kuna mahali mtu anateswa. Kama TV ni moja na watoto wanalala saa nne, hesabu ni saa ngapi utaicheza. GTA Online sahau kama hulipii PS Plus, ile ada ya Sony ya kucheza mtandaoni. Na ukiambiwa na muuzaji kwamba GTA VI itakuja PS4 muda si mrefu, mwagie maji baridi: imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series tu.

Zinazofuata, kwa haraka

Kwa nyumba yenye watoto, Crash Team Racing Nitro-Fueled. Mbio za magari madogo, skrini inagawanywa vipande vinne, watoto wanne wanarushiana mabomu na hakuna damu. Tatizo ni padi nne. Zile za bandia zinazofanana kabisa na za Sony zitakuchezea miezi miwili kisha gari lianze kukata kona lenyewe. Nunua padi moja ya kweli iliyotumika kuliko mbili za bandia.

Kwa wawili wanaopendana, au waliokuwa wanapendana, It Takes Two. Ni mume na mke wanaotaka kuachana, wamegeuzwa wanasesere, na haichezeki peke yako hata ukitaka. Ni wawili tu, skrini nusu kwa nusu. Ilipewa tuzo ya gemu bora ya mwaka 2021 kwenye The Game Awards. Mwalimu na mkewe waliicheza yote, wakanuniana siku moja nzima kwa sababu ya tembo wa kitambaa. Utakayeicheza utaelewa. Hapa Kisumu ni vigumu kuipata, na kuibadilisha ni vigumu vilevile kwa sababu vijana wa mtaa hawaijui.

Red Dead Redemption 2 naipenda kuliko zote nilizotaja, na bado naiweka ya saba. Ni ya polepole. Farasi anatembea, Arthur anakunywa kahawa, unavua samaki. Mzee mmoja mvuvi wa Dunga aliyekuja kwangu kwa shughuli nyingine alimtazama Arthur akivuta ndoano, akacheka hadi akakohoa, akasema huyo angekufa njaa. Hii inataka mtu anayeishi peke yake na mwenye jioni ndefu. Inataka pia nafasi: sanduku lenyewe linaandika zaidi ya GB 100, na PS4 ya GB 500 ukiifungua inakuachia kama 400 tu. Inakuja na CD mbili, ya data na ya kuchezea. Nimeona watu wakiuziwa ile ya data peke yake.

Namna ya kuishika CD kabla ya kutoa pesa

Hapa tusiende mbio, kwa sababu hapa ndipo pesa hupotelea.

Mwaka juzi nilinunua GTA V kwa mtu niliyekutana naye stendi, mimi nikiwa na haraka, yeye akiwa na maneno matamu. Sanduku la bluu la PS4, karatasi ya jalada safi. Sikufungua. Nilipofika nyumbani nikakuta CD iliyo ndani ni ya PS3. PS4 haisomi CD za PS3, hata uibembeleze. Namba yake ya simu ilikuwa imezimwa kabla sijafika Kondele.

Kwa hiyo sasa hivi ndivyo ninavyofanya. Nafungua sanduku papo hapo. Nasoma maandishi ya juu ya CD, si ya sanduku. Kisha naigeuza, nawasha tochi ya simu, naiinamisha polepole mwanga uteleze juu yake kama unavyotazama kioo cha gari kama kina ufa. Mikwaruzo inayotoka katikati kwenda ukingoni, kama miale ya jua, mara nyingi mashine huivumilia. Inayozunguka kufuata duara ndiyo mibaya, kwa sababu inafuata njia ya data yenyewe na kuikata sehemu ndefu. Halafu napitisha ukucha. Ukucha ukikwama, naishukuru na kuirudisha.

CD za PS4 ni Blu-ray, na tabaka lenye data liko karibu sana na upande ule unaong'aa, kama sehemu moja ya kumi ya milimita tu. Zimepakwa kinga ngumu, ndiyo maana hazikwaruziki ovyo kama zile DVD za zamani. Lakini zikishakwaruzika kwa kina, hazisuguliki zikapona. Ile dawa ya kupaka dawa ya meno na kufuta kwa kitambaa iliwafaa wazee wetu wa PS2. Ukiifanya kwa Blu-ray unamalizia kilichobaki.

Kama kuna mashine karibu, iweke. Usitosheke na kuona picha ya gemu ikitokea kwenye skrini. Subiri usakinishaji ufike mwisho, kwa sababu CD mbovu hukwama katikati, mara nyingi kwenye asilimia ileile kila unapojaribu. Ukiagiza kutoka Nairobi, mwambie muuzaji arekodi video akiiweka CD kwenye mashine na ikifunguka, sauti yake ikitaja jina lako na tarehe. Anayekataa video ya dakika moja anataka utume M-Pesa kwanza, na unajua inavyoendelea.

Pale Kibuye Jumapili hupatikana CD juu ya turubai, katikati ya chaja na rimoti. Bei ni nzuri na hakuna wa kurudishiwa. Maduka ya mjini ya upande wa Oginga Odinga Street ni ghali kidogo, lakini wengi watakujaribia, na wengine watakupa siku kadhaa za kurudisha. Kwa CD ya elfu mbili, mimi huenda mjini. Kwa ya mia tano, Kibuye.

Za kuachia mwenye duka

Cyberpunk 2077 ya PS4. Ilipotoka Desemba 2020 ilikuwa mbovu kiasi kwamba Sony waliiondoa kwenye duka lao baada ya wiki moja, ikarudi Juni 2021. Imetengenezwa sana tangu hapo, lakini marekebisho hayo ni ya kupakua, na kwenye CD ya mwanzo kuna ule ubovu wa mwanzo. Ina bei ndogo kwa sababu. Kama una PS5 yenye tundu la CD, hadithi inageuka: CD hiyohiyo inakupa haki ya kupakua toleo la PS5 bila malipo, na hilo ni gemu jingine kabisa. PS5 isiyo na tundu, ile ya Digital, haisomi CD yoyote ilivyo (zile nyembamba za baadaye hukubali tundu la kununua kando, za mwanzo hazikubali), kwa hiyo usiinunue hivyo ilivyo kama unapanga kuishi kwa kubadilishana kama sisi.

WWE 2K20. Jalada linavutia, watoto wanapenda mieleka, na muuzaji anajua. Ilitoka na kasoro nyingi mpaka 2K wakaruka mwaka mzima bila kutoa 2K21. Chukua 2K19 nyuma yake au 2K22 mbele yake.

Call of Duty za karibuni, kama huna faiba. Unaweka CD, mashine inakuomba apdeti ya makumi ya GB, unatazama bando lako, bando linakutazama.

Na PS4 iliyochipiwa, yaani iliyochezewa ili ikubali gemu za wizi, yenye gemu kumi na tano ndani. Siisemi kwa sababu ya utakatifu, ingawa ni wizi wa kazi ya watu. Nasema kwa sababu ukiipeleka mtandaoni inaweza kufungiwa, ukiiapdeti inaharibika ule ujanja, na siku diski ikifa zinakufa gemu zote kumi na tano, na hakuna jirani atakayekubadilishia faili.

eFootball na Fortnite ni za bure na hazidai PS Plus. Kama una waifai isiyohesabu, zipakue leo usiku, hunihitaji. Nyumbani kwangu faiba ilikuja, ikakatika, ikarudi, na sasa hivi ninapoandika taa yake ni nyekundu.

Kuhusu stima, jambo moja tu. Usiiache PS4 kwenye hali ya kulala usiku kucha, izime kabisa. Ikikatika stima katikati ya mechi, ikirudi mashine itaanza kukagua hifadhi yake kwanza, na matokeo ya mechi hayapo. Jumamosi ile nilikuwa mbele mabao mawili kwa sifuri dhidi ya kijana wa Kondele, dakika ya themanini na mbili. Yeye anasema haikuchezwa. Mimi namdai.

Na kama umefika hapa ukiwa na kitu cha kubadilisha: Red Dead yangu iko huru. CD zote mbili zipo, ukucha haukwami popote, na ile ramani ya karatasi bado imekunjwa ndani ya sanduku. Natafuta Ghost of Tsushima. PES 2021 ya pili pia nitaikubali, na mia tano nitaongeza mimi.